Siku Tisini za Malati

Picha yenyewe ilikuwa ndogo, haizidi kiganja cha mkono, lakini Mkaguzi Msaidizi wa Polisi Sharayu Dhumal alikuwa ameikodolea macho tangu saa mbili asubuhi mpaka chai yake ikashika utando.

Mwanamke na mwanamume walisimama wakielekeana. Kati yao kilinyooshwa kitambaa cheupe chenye alama nyekundu katikati, kile ambacho maharusi wa Kihindu mjini Sangli huwekewa ili wasionane mpaka beti za baraka zimalizike. Punje za mchele wa manjano zilikuwa bado zinaelea hewani. Mwanamke alivaa sari ya kijani. Mwanamume alikuwa na kilemba. Nyuma yao, pembeni, uliegemezwa muwa mrefu wenye majani yake.

"Afande, unatafuta nini humo?" akauliza Koplo Pisal, aliyekuwa anamenya karanga juu ya gazeti. "Kitambaa kipo, mchele upo, kilemba kipo. Mimi nimeozesha mabinti watatu. Ndoa nikiiona naijua."

"Mabinti wako walifungwa shanga kwenye paji la uso?"

"Walifungwa, tena za lulu. Mke wangu angekubali wafungwe za plastiki?"

"Hawa hawakufungwa."

Pisal akaja akainama juu ya picha huku anatafuna. "Haraka, afande. Ndoa ya wizi haina muda wa shanga."

"Na huu muwa?"

"Muwa! Hapa kwetu hata chooni utaukuta."

Sharayu akacheka, akaandika kwenye daftari lake: *Shanga hakuna. Muwa. Picha imekatwa chini, kiunoni.* Kisha akalifungua tena faili lililotoka kwa hakimu.

Habari ilikuwa fupi na chungu. Tarehe 12 Agosti mahakama ya familia ilimpa Malati Chougule talaka, baada ya miaka sita ya kesi, kwa sababu mumewe Nilkanth Jagdale alikuwa anampiga. Mtoto wao Ira, mwenye miaka saba, alibaki kwa mama. Sheria ya ndoa ya Wahindu humpa aliyeshindwa siku tisini za kukata rufaa, na kabla siku hizo hazijaisha, si mume wala mke anayeruhusiwa kufunga ndoa nyingine. Za Malati ziliishia jana, tarehe 10 Novemba. Lakini Jagdale alipeleka picha hii kwa hakimu akaapa kwamba ilipigwa tarehe 6, siku ya themanini na sita, na kwamba yule mwenye kilemba ni mume mpya, Vasudev Lokhande, fundi wa pampu za mashambani. Alitaka Malati ashtakiwe. Na chini kabisa, kwa maneno yaliyopigiwa mstari, alitaka mtoto arudishwe kwake, maana mama mvunja sheria hafai kulea.

Hakimu alitaka ripoti ya polisi Jumatatu asubuhi. Leo ilikuwa Ijumaa.

Kulikuwa na karatasi nyingine kwenye faili: nakala ya hukumu ya talaka, iliyothibitishwa kwa muhuri, ambayo Jagdale aliiambatanisha. Sharayu alikuwa na mazoea ambayo yaliwachosha wenzake. Kila karatasi aliigeuza. Nyuma ya nakala ile palikuwa na muhuri wa zambarau wenye mistari mitatu. *Imeombwa: 5 Septemba. Imekuwa tayari: 19 Septemba. Imechukuliwa: 19 Septemba.*

Akazinakili tarehe hizo kwenye daftari bila kujua bado za nini.

"Washa pikipiki," akamwambia Pisal. "Tuanze kwa mlalamikaji."

*

Nilkanth Jagdale aliwapokea mlangoni mwenyewe, shati limenyooshwa mpaka mikunjo inakata, nywele zina mafuta. Alikuwa na sauti ya upole. Alileta chai, akaleta na kisanduku cha vitamutamu vya maziwa.

"Tunasherehekea nini, Bwana Jagdale?" akauliza Sharayu.

"Mabaki ya sikukuu ya Diwali tu, afande. Mtu mwenye huzuni kama mimi atasherehekea nini?"

Pisal akachukua viwili. Sharayu hakuchukua. Alikuwa anatazama rafu ya miungu nyuma ya mwenyeji. Kando ya taa ya shaba palisimama koni ya karatasi ya dhahabu, ndefu kama mkono wa mtoto, imefungwa utepe mwekundu. Jagdale alifuata macho yake, akainuka, akavuta pazia la rafu taratibu kama mtu anayezuia jua.

"Picha umeipata wapi?"

"Binamu yangu aliiona kwenye simu ya jirani yao. Watu hawana aibu, wanajitangaza wenyewe."

"Ilikuwa imekatwa hivi hivi?"

"Niliipata kama ilivyo. Kwani sura yake haionekani? Mimi nimeishi na mwanamke yule miaka mitano. Namjua hata kwa kisogo."

"Nimesoma hukumu, Bwana Jagdale. Najua ulivyomjua."

Jagdale akatabasamu kwa midomo peke yake. "Mambo ya mawakili hayo. Mimi ninachotaka ni mwanangu. Binti wa Jagdale hawezi kulelewa na mtu anayenuka dizeli."

"Kama hukumu ilikuuma, mbona hukukata rufaa? Siku tisini zimeisha jana."

"Zangu hazijaisha," akasema Jagdale, haraka. Kisha akashika kikombe, akanywa, akakirudisha. "Nikimaanisha siku za uchungu, afande. Hizo haziishi."

Kwenye ngazi Pisal akajifuta mdomo. "Maskini, anaongea kama mashairi."

"Ndiyo," Sharayu akajibu. "Mtu aliyeteleza huongea hivyo." Akasimama, akafungua daftari akiwa ameliegemeza kwenye kiti cha pikipiki, akaandika: *Zangu hazijaisha.* Chini yake akachora koni.

*

Kuhani Moreshwar walimkuta barazani kwake, suruali imekunjwa magotini, miguu imo kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi. Majirani wote walimwita Guruji. Alikuwa mnene, mcheshi, na sauti imemkauka.

"Karibuni, msinisimamishe tu. Hii miguu imenifia."

"Guruji, tarehe sita jioni ulikuwa kwa akina Lokhande?"

"Lete daftari, nitakwambia." Pisal akamletea. Guruji akalamba kidole, akafunua. "Tarehe sita. Lokhande, uani. Ndoa moja. Nilisoma beti zote nane, sikuruka hata moja."

Pisal akampiga Sharayu jicho la ushindi. "Umesikia, afande? Kuhani mwenyewe kakiri."

"Nikiri nini?" Guruji akashtuka. "Nimeua mtu?"

Mkono wa Sharayu ulikuwa umekwisha kufungua faili. Kama mzee huyu aliwafungisha ndoa, kazi imekwisha, na Jumatatu mama wa mtoto wa miaka saba ataitwa kizimbani. Akamwonyesha picha. "Hawa?"

"Ndio hao! Malati na Vasudev. Watu wazuri sana. Hata chai walinipa ya tangawizi, wengine wananipa maji matupu."

"Na ndoa uliifungisha wewe?"

"Kwani niliimba kwa starehe?"

Sharayu akatazama miguu ndani ya beseni, nyekundu, imevimba kama ya mtu aliyetembea kutoka mji wa mbali wa Pune. "Guruji, jioni ile ulifungisha ndoa ngapi?"

"Kumi na nne," akajibu Guruji kwa fahari. "Ya kumi na tano nikawaambia nendeni mkamtafute mwingine, mimi nimekwisha."

"Kumi na nne jioni moja! Kila moja muda gani?"

"Robo saa. Ishirini, kama wanawake wana nyimbo."

"Na moto? Na zile hatua saba za kuuzunguka? Sheria inasema ndoa ya hatua saba haikamiliki mpaka ya saba ikanyagwe. Kwa robo saa uliwazungusha vipi?"

Guruji akamtazama, akamtazama na Pisal, kisha akaangua kicheko mpaka maji yakaruka kwenye beseni. "Hatua saba? Mwanangu, bibi harusi ana mizizi! Atazungukaje?"

Pisal akabaki mdomo wazi, karanga mkononi.

"Ndoa ya Tulsi," akasema Sharayu pole pole.

"Ya Tulsi, ndiyo! Ya nani tena, wiki ile? Miezi minne ya mvua hatuozeshi mtu. Miungu imelala. Ikiamka, wa kwanza kuolewa ni Tulsi, yule mrehani wa uani, anaolewa na mungu Krishna, na muwa tunausimamisha pembeni kuwa mlingoti wa hema lake. Akishaolewa yeye ndipo binadamu wapange foleni. Koplo, kwenu hamuozeshi mrehani?"

"Mke wangu ndiye hushughulika," Pisal akanong'ona. "Mimi hufika wakati wa kula."

*

Ua wa akina Lokhande ulizungukwa na vyumba vya wapangaji pande tatu. Katikati palikuwa na mrehani ndani ya chungu cha matofali kilichopakwa chokaa, bado umevishwa kitambaa chekundu na bangili ndogo za kijani kwenye matawi. Mtoto wa kike alikuwa ameuchuchumalia, anaurekebisha ushanga kama mama anavyomfunga mtoto kofia.

Cherehani ilinyamaza. Malati Chougule akatoka mlangoni na futi ya kupimia shingoni. Alikuwa mwembamba, ana kovu dogo juu ya nyusi. Alipoona sare za polisi hakurudi nyuma, ila mkono wake ulishuka ukamtafuta mtoto, ukamvuta kwenye sari yake.

"Ira, ingia ndani ukanitafutie vifungo."

"Vipo mezani, Aai," mtoto akamjibu mama yake.

"Basi kavihesabu."

Sharayu akampa picha. Malati akaitazama. Aliingia ndani akarudi na simu, akamwonyesha picha nzima, isiyokatwa. Chini ya kitambaa, pale ambapo mkato ulipita, kulikuwa na mikono. Ya Malati ilikumbatia chungu kidogo chenye tawi la mrehani lililovikwa sari ya upana wa vidole viwili. Ya Vasudev ilishika sanamu ya shaba ya Krishna. Wale wawili walikuwa wanabeba maharusi. Mbele yao alisimama Ira, mchele umemjaa mkononi, kinywa kimepanuka kwa kicheko.

"Mimi nilisimama upande wa bibi harusi," Malati akasema. "Ira alitaka tuwe wazazi wa Tulsi."

Kutoka chumba cha ng'ambo akatoka mama mmoja wa makamo, mchi mkononi, na nyuma yake mwanamume mwenye mikono myeusi kwa grisi. Walikuwa Bi Anusuya na mwanawe Vasudev.

"Wamekuja kumkamata?" Bi Anusuya akafoka. "Nikamateni mimi! Siku ile mimi ndiye niliyemwambia, Guruji yupo, mchele upo, moto tutauwasha hapa hapa, olewa leo, nani atajua? Siku nne tu zilibaki! Unajua alinijibu nini? 'Mama, nitajua mimi.' Nikanuna siku mbili. Mwanamke ana kichwa kigumu kama mchi huu."

"Mama," Vasudev akasema kwa aibu.

"Usiniite mama. Wewe na yeye mmefanana. Afande, wanakaa ua mmoja, Malati anampelekea huyu chapati za mtama, anaziweka kizingitini anarudi. Kizingitini! Kama anamlisha paka."

Pisal akageuka ukutani kuficha kicheko, na hapo, kando ya mlango wa Malati, akaona kalenda. "Afande, njoo uone hii."

Ilikuwa kalenda ya kawaida ya ukutani. Lakini tangu 13 Agosti kila siku ilikuwa na mstari wa chaki ya buluu ya kushonea, na kila mistari kumi imezungushiwa duara. Kila Jumatatu palikuwa na nukta. Sharayu akauliza nukta ni za nini.

"Siku nilizokwenda mahakamani," Malati akasema. "Namuuliza karani kama rufaa imeingia. Mara ya kwanza alinifokea. Mara ya tano akawa ananiona mlangoni anatikisa kichwa tu, nisipoteze muda. Hakuna kitu. Jana nikafika tisini. Jumatatu tunaoana, Guruji ameshapanga saa yake."

Sharayu alikuwa ameona wezi waliohesabu hela na wafungwa waliohesabu miezi. Hakuwahi kuona mtu anayehesabu siku kwa usafi namna hii, pasipo mtu wa kumsimamia. Akakubali mwenyewe moyoni kwamba ripoti ilikuwa imejiandika. Akampa Malati maelezo atie saini, akachukua nakala ya picha nzima, akaanza kulifunga faili.

Mkono ukasimama juu ya nakala ya hukumu.

*Zangu hazijaisha.*

Akaigeuza karatasi. Muhuri wa zambarau ulikuwa pale pale. Tarehe 5 mpaka tarehe 19.

"Dada Malati," akasema, "nakala ya hukumu wewe ulipewa lini?"

"Siku ile ile ya Agosti. Wote tulipewa, bure."

"Na yeye alipewa?"

"Alipewa. Aliikunja akaitia mfukoni, nilimwona."

"Kwa nini basi mtu mwenye nakala mfukoni aende kuomba nyingine, mwezi wa Septemba?" Sharayu alikuwa anauliza karatasi kuliko watu. "Hakukata rufaa. Hakuitumia popote mpaka juzi." Akakaa kwenye kizingiti, pale pale palipokuwa panawekwa chapati. "Nipe hiyo kalenda. Na chaki."

Wakamzunguka.

"Anayetaka kukata rufaa lazima apate nakala iliyothibitishwa. Zile siku ambazo mahakama inaiandaa, hahesabiwi. Si kosa lake kwamba mashine iliharibika au karani aliumwa. Kwa hiyo zinatolewa katika zile tisini, na yeye anarudishiwa mwishoni. Tano Septemba mpaka kumi na tisa, ukihesabu na siku zote mbili..."

"Kumi na tano," Malati akasema. Alikuwa mwepesi kuliko wote.

"Kumi na tano. Zako zimeisha jana. Zake zinaisha tarehe 25. Na nakala aliiomba kimya kimya, dirisha jingine, mbali na yule karani wako."

Ndani, sauti ya mtoto ilikuwa inahesabu vifungo, imefika arobaini na moja.

"Alitaka uolewe," Sharayu akaendelea. "Ungeolewa Jumatatu, kwa furaha, mbele ya watu mia mbili. Jumanne angeweka rufaa mezani, ndani ya siku zake, na ndoa yako ingekuwa imefungwa mlango wa rufaa ukiwa bado wazi, kinyume cha sheria. Hapo angekwambia: nipe mtoto, nami nitaifuta rufaa. Ila tamaa ilimponza. Alipoletewa picha akadhani umeshatumbukia mapema, akaikimbiza kwa hakimu, na haraka yake ikamfanya abandike nakala yenye muhuri mgongoni."

"Jumatatu!" Bi Anusuya akaweka mchi chini. "Watu wamealikwa. Mpishi amelipwa. Ile saa njema Guruji ameitafuta wiki nzima! Nani atawaambia watu? Watasema bibi harusi ana kasoro."

Malati alikuwa anaitazama kalenda. Sharayu alimwona kifua kikipanda na kushuka mara moja, kama mtu anayetaka kubeba ndoo nzito. Alikuwa na haki ya kulia, na Sharayu angemngojea. Badala yake alinyoosha mkono kuomba chaki yake.

"Nimesubiri miaka sita mahakamani," akasema. "Siku kumi na tano nazibeba kwapani." Akachora duara kuzunguka tarehe 25. "Mama, nisamehe kwa hilo la watu."

Vasudev alikuwa ameshavaa kandambili.

"Unakwenda wapi wewe?" mama yake akamuuliza.

"Kwa mpishi. Kisha kwa Guruji. Kisha nitapita nyumba kwa nyumba." Akajipangusa grisi kwenye kitambaa. "Nitawaambia kasoro ni yangu. Kwamba kilemba hakijafika."

Bi Anusuya akamtazama mwanawe, akamtazama yule mwanamke mwenye chaki. Pembe za midomo yake zikaanza kucheza. "Kilemba hakijafika," akarudia. "Mjinga. Sema mama yako kaumwa mgongo, hilo wataliamini."

Ira akatoka mbio. "Sitini na tatu! Aai, Tulsi ameshaolewa. Zamu yetu lini?"

Malati akamwinua akampakata, ingawa mtoto alikuwa mkubwa kwa kupakatwa, akamwonyesha lile duara.

Nje ya geti Sharayu akamwambia Pisal, "Nenda kumbi zote za harusi za mjini. Tafuta jina la Jagdale."

"Si ni mtu wa huzuni?"

"Ulikula vitamutamu vyake viwili. Vilikuwa vya Diwali, vya karibu wiki tatu?"

Pisal akafikiri kwa ulimi. "Vilikuwa vya jana," akakiri.

*

Jumatatu ripoti ilifika kwa hakimu. Jumanne, saa nne asubuhi, Nilkanth Jagdale akaingia kituoni na bahasha nene ya wakili kwapani, na kadi ya mwaliko mkononi.

"Nimesikia mmemsafisha kwa ile picha," akasema. "Sawa. Picha inaweza kudanganya. Lakini hii kadi haidanganyi. Ndoa, Malati na Vasudev, Jumatatu tarehe 14. Jana. Na rufaa yangu hii hapa, inaingia leo, ndani ya muda."

"Kaa, Bwana Jagdale."

"Nimezoea kusimama."

"Jana hapakuwa na ndoa."

Bahasha ikashuka kidogo.

"Koplo Pisal alikuwa uani kuanzia asubuhi mpaka saa mbili usiku. Uliona mtu akiolewa, Koplo?"

"Hata kuku, afande. Bi Anusuya aliumwa mgongo."

Jagdale akaketi.

Sharayu akaweka mezani daftari, kwenye ukurasa wenye ile koni. "Kwenu Sangli, nani hupelekewa koni ya sukari yenye utepe mwekundu? Mtu aliyeposa, si mwingine. Sikuuliza siku ile kwa sababu ungesema ni ya binamu. Koplo ameuliza kumbini. Ijumaa tarehe 2 Desemba, harusi ya Jagdale, watu mia nne. Hongera."

"Hilo halihusiani."

"Linahusiana sana. Soma sheria yako tena. Haisemi mke asiolewe. Inasema yeyote kati yao. Weka hiyo bahasha masjala leo, na mlango wa ndoa unafungwa kwako na kwake, mpaka mahakama kuu iamue. Mwaka, miwili, labda mitano. Yeye nimemwona akihesabu, huyo ataweza. Je, baba wa mchumba wako ataweza?"

"Naweza kuifuta baadaye."

"Ulipanga kuifuta baada ya kumpata mtoto. Lakini mtego wako haukushika mguu wa mtu, sasa utamtishia kwa nini? Na rufaa hufutwa mbele ya jaji, kwa tarehe atakayopanga jaji. Desemba mahakama zina likizo."

Feni ilizunguka juu yao. Jagdale aligeuza bahasha, akaitazama mgongo wake kana kwamba nako kuna muhuri.

"Sasa mimi nifanye nini?" akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mafuta.

"Subiri," akasema Sharayu. "Kama anavyosubiri yeye."

*

Ijumaa tarehe 25 Novemba, dakika kumi kabla masjala haijafungwa, Malati alisimama dirishani na Ira mkononi. Hakuwa amelala vizuri, ilionekana. Sharayu alikuja amevaa nguo za nyumbani, akasema alikuwa anapita tu, ingawa nyumba yake ilikuwa upande mwingine wa mto.

Saa ya ukutani ilipiga. Karani akatia kidole kwenye daftari la rufaa, akashuka nacho mstari baada ya mstari mpaka chini, akafunua ukurasa wa pili, akaufuata nao. Kila mlango ulipolia Malati aligeuka. Aliingia mfagiaji. Aliingia wakili mmoja mzee akitafuta mwavuli wake.

Karani akapiga mstari mwekundu chini ya orodha ya siku hiyo, akafunika daftari. Alikuwa ni yule yule aliyemfokea mara ya kwanza. Safari hii hakutikisa kichwa, aliinuka kabisa kwenye kiti.

"Hakuna kitu, dada," akasema. "Nenda kaolewe."

Malati akaweka viganja vyote viwili kwenye ubao wa dirisha, akainamisha kichwa juu yake. Ira akamvuta sari.

"Aai. Aai! Sasa zamu yetu?"

"Sasa zamu yetu," Malati akasema. Akatoa chaki ya buluu kwenye pindo la sari yake, akamkabidhi mtoto. "Siku ya mwisho kaipigie mstari wewe."